Ndege ya Papa Falone Inachelewa

Kindu, tarehe 14 Julai 2002

Emerance wangu,

Natumaini barua hii itakufikia. Mama mmoja muuza chumvi ameniapia kwamba anajua njia ya kupenya mpaka kijijini kwenu Mutendele bila kukutana na askari wa upande wowote. Nimemwamini kwa sababu sina mwingine wa kumwamini.

Mji umefungwa. Ukivuka mto mpaka Alunguli na kutembea kidogo upande wa mashamba, unarudishwa kwa risasi. Treni imelala, karakana yetu ya reli imelala nayo, na sisi mafundi tunashinda tukisafisha vyombo visivyo na kazi. Watu wanakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala mafuta. Kinachoingia na kutoka hapa ni ndege tu. Zikipita nasimama katikati ya njia nikitazama jinsi mabawa yalivyofungwa. Jana Idrissa, mwenzangu wa karakana, aliniuliza: “Onema, uko unatafuta nini kule juu?” Nikamjibu natafuta njia ya kwenda kwa wakwe. Akacheka, lakini mimi sikuwa natania. Siku moja nitaunda yangu.

Nakumbuka siku wajomba zangu walipokuja kujitambulisha kwenu. Ulituletea maji ya kunawa bila kuinua macho, ukawa mtoto mwenye adabu kupita wote, mpaka ulipofika kwa mjomba mdogo ukashindwa kujizuia, ukazicheka ndevu zake. Nilijua palepale kwamba nimepata mke. Vita vikatukuta hatujamaliza mambo ya mahari.

Njia ikifunguka, hata nusu, nitakuja kwa miguu. Niambie tu utanisubiri wapi. Nimekukosa mpaka naona aibu kuandika.

Ni mimi wako,
Onema


Porini, tarehe 3 Oktoba 2002

Onema,

Mama wa chumvi alifika. Amekonda, lakini barua yako haikulowa.

Mutendele hatuko tena kwa sasa. Walichoma nyumba, wakaua watu ambao nitakutajia majina tukionana. Tuko porini na kijiji kizima, tunalala chini ya majani, na moto tunauwasha mchana tu, mdogo. Baba anakohoa. Chifu wetu hataki watu watawanyike. Kila jioni anapita akituita kwa majina, na asiyeitika anatafutwa. Anasema vita vikipoa tutakuwa kijiji tena, na mimi namwamini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nitakusubiri Mutendele. Usinitafute pengine, usimsikilize mtu atakayekuambia nimeolewa au nimekimbilia wapi. Njoo Mutendele utanikuta.

Na tafadhali usije na ndege. Hapa tukisikia ndege tunalala kifudifudi, na nguo yangu iliyobaki ni moja.

Anayekungoja,
Emerance


Alunguli, Kindu, tarehe 9 Machi 2024

Mama Séraphin,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Mwaka umepita tangu Wilfried wa pikipiki aliponiletea salamu zako kutoka Kampene, na mimi nikadondosha spana mguuni. Tangu hapo tumeandikiana kama watu wazima, wewe na ujane wako, mimi na wangu, na ya zamani tumekubaliana tuyaache. Nashukuru kwa hilo. Leo nina habari.

Imeruka. Wakubwa wa uwanja wa ndege waliikagua, wakaishika kila kiungo, wakaniruhusu. Mabawa tuliyavusha mto juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na nusu ya Alunguli ilisimama ufukweni ikingoja yazame. Moteri ni ya gari dogo, viti ni viwili bega kwa bega, na ngozi yake ni kitambaa tulichopaka rangi mpaka kikalia kama ngoma. Mimi na Idrissa tumezeeka ndani ya kazi hii. Binti yangu Falone alinipigia kutoka Kisangani akanililia kwenye simu, kisha akanigombeza.

Sasa tatizo. Nilipoichora, hesabu zilisema itakwenda kilomita mia na arobaini na tano kwa saa. Inakwenda mia na ishirini. Utasema ni kitu kidogo. Lakini tanki langu ni la saa mbili, na lazima nusu saa ibaki kama akiba. Kwa mwendo niliouchora nafika Kampene, natua kwenye uwanja wa kale wa kampuni ya madini, nakuchukua, narudi, na akiba yangu iko pale pale. Kwa mwendo huu wa sasa nitarudi na mafuta ya kupashia chai. Mafuta ya chupa yanayouzwa kwenu barabarani siyatii kwenye moteri hii, na kubeba jerikani ndani ya ndege wakubwa wa uwanja wamenikataza, na wana haki.

Nalishuku elisi, lile panga la mbele linalovuta ndege. Nililichonga mwenyewe, na labda nimelilaza kupita kiasi, likawa linapiga hewa bila kuisukuma. Nitachonga jingine.

Najua nakuomba subira, na najua mtu aliyewekewa chuma pajani kama wewe hawezi kupanda pikipiki kwa njia ile. Nataka kuja kukuchukua. Nimeshaandika, siwezi kulifuta.

Papa Falone


Kampene, tarehe 2 Aprili 2024

Papa Falone,

Barua yako nimeisoma mbele ya jirani yangu Hélène, akaniuliza kama mwenye kuiandika ana akili timamu. Nikamwambia bado tunapima.

Ungeweza kunipigia. Mtandao huku unakuja siku mbili tatu kwa juma. Lakini wewe kwenye simu unasema “alo, alo, uko muzima?” halafu unanyamaza mpaka yuniti zinakwisha. Kwenye karatasi unasema. Basi tuendelee na karatasi.

Umeandika kuhusu mabawa, mitumbwi na Falone aliyelia. Hukuandika kwamba ulitua kwenye nyasi kando ya uwanja na kutoka umejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hilo Wilfried ndiye ameniambia: “Mama, mzee alilala mu majani na ndege yake, lakini iko salama.” Ukinificha lililotokea chini, nitaaminije unayoniambia ya juu?

Na mimi nina habari. Séraphin wangu anataka nihamie kwake Lubumbashi. Ameweka chumba, mkewe ameshona mapazia. Madaraja ya upande wa Kindu unayajua, magari hayapiti, ni pikipiki tu juu ya miti miwili. Ila upande wa Kasongo kuna gari la masista litakalotoka hapa mwezi wa nane, lina kiti kizuri, na wameniahidi nafasi. Kutoka Kasongo Séraphin ataniongoza mwenyewe. Mtoto anamwita mama yake, nitamjibu nini? Nikifika Lubumbashi sitarudi tena huku, umri wangu naujua.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Ukifika kabla ya gari la masista, tutazungumza. Usipofika, nitapanda. Sitamwambia mwanangu kwamba nangoja ndege. Nimewahi kungoja.

Tengeneza elisi yako. Na ule vizuri, Wilfried anasema shati linakupepea.

Mama Séraphin


Alunguli, Kindu, tarehe 20 Juni 2024

Mama Séraphin,

Umesema umewahi kungoja. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko mengine yote. Nimeyaacha kama tulivyokubaliana.

Nilichonga elisi jingine, kisha la tatu. La kwanza tumelifanya kizingiti cha banda la mbuzi. Moteri inazunguka kama inavyotakiwa, tena kwa raha. Mwendo haukupanda.

Tukasema labda ni magurudumu, yananing’inia nje na kushika upepo. Idrissa akayavisha kofia alizozikunja kwa bati, nzuri, hata padri alizisifu. Mwendo haukupanda. Tukaziba kila mwanya kati ya bawa na ulimi wake wa nyuma, ule unaoinuka na kushuka, kwa utepe wa kitambaa. Tukapima kama bawa moja limeinama kuliko jingine. Nikapunguza uzito, nikatoa hata mto wa kiti chako, nisamehe, nitaurudisha. Nikaenda na kurudi nikagawanya muda kwa mbili, ili upepo usinidanganye. Mia na ishirini, kila safari.

Idrissa sasa amekuwa adui yangu. Ana simu ya kisasa, aliiwasha tukiwa juu, akanipigia kelele sikioni: “Papa Falone, simu inasema mia na makumi ine na sita! Ndege haina ugonjwa!” Nikamwambia simu hiyo juzi ilisema tuko Uganda na sisi tumekaa kwangu tunakula samaki. Akanijibu: “Weye unaamini karatasi ya Wabelgiji kuliko setilaiti?” Ndiyo, naamini. Tumekosana siku nzima kwa sababu hiyo.

Mimi napima hivi, na kipimo changu hakiwezi kukosea. Nikivuka mto juu ya Alunguli nabonyeza saa. Nafuata njia ya kwenu mpaka naona bati la shule ya Mutendele, nabonyeza tena, nageuka. Ramani ya zamani ya karakana, hiyo ya Wabelgiji, inasema kutoka mtoni mpaka Mutendele ni kilomita sabini. Natumia dakika thelathini na tano. Hata mtoto wa darasa la sita atakuambia ni mia na ishirini. Nilichagua Mutendele kwa sababu kutoka juu msitu ni msitu, lakini kijiji chenu kiko peke yake na bati lake linang’aa. Nilifurahi kuona mmerudi na kujenga upya.

Nilichagua pia kwa sababu nyingine unayoijua.

Siku zinakwisha. Kila nikitua namwambia Idrissa tufungue tena, na tunafungua, na hatuoni kitu. Naogopa, Mama Séraphin. Sijawahi kuogopa ndani ya ndege hii kama ninavyoogopa nikiwa chini na kalenda.

Papa Falone


Kampene, tarehe 5 Julai 2024

Papa Falone,

Nimecheka mpaka chuma changu cha pajani kimeuma. Ulichoniandikia wiki mbili zilizopita ningeweza kukujibu mwaka jana kama ungeniuliza.

Mutendele unayoiona si Mutendele ya ramani yako. Ilihama.

Tulipotoka porini, chifu hakuturudisha pale pa zamani. Watu wengi walikuwa wamekufia pale bila kuzikwa vizuri, na wazee walisema hapafai kuwashwa moto tena. Tukapita, tukaenda mbele zaidi upande wa Kampene, karibu na maji mazuri, tukajenga. Na jina tukalibeba. Huko kwenu mjini labda jina ni la ardhi, lakini kwetu jina ni la chifu na watu wake, wakihama linahama nao. Hakuna mtu aliyekaa chini kuandika kwamba hii ni Mutendele ya pili. Ni Mutendele tu. Ile ya zamani haiitwi kitu tena, ni msitu.

Kutoka moja mpaka nyingine ni kilomita kumi na tano hivi. Nimeitembea na mzigo kichwani, nikitoka alfajiri nafika jua halijawa kali. Sasa ongeza hizo kwenye sabini zako, upige hesabu upya, kisha umwombe Idrissa msamaha. Nilidhani unajua. Kila mtu huku anajua.

Gari la masista limepangwa wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Nimeanza kufunga vyombo, halafu kila siku nafungua nilichofunga kwa sababu nakihitaji.

Rudisha mto wa kiti.

Mama Séraphin


Alunguli, Kindu, tarehe 14 Julai 2024

Mama Séraphin,

Barua yako ilinikuta uwanjani, mikono ina grisi, nikamwomba Idrissa aisome kwa sauti. Alipofika kwenye kumi na tano, akaiweka chini, akachukua penseli mwenyewe. Themanini na tano kwa dakika zile zile. Mia na arobaini na tano na kitu juu yake. Akasema: “Miye nilikuambia. Simu ilikuambia. Sasa mwanamuke amekuambia, njo umeamini.” Nikamwomba msamaha, tukacheka, tukawaita hata walinzi wa uwanja waje wacheke. Miezi minne nimetibu ndege isiyo na ugonjwa.

Niliacha kucheka nikiwa kwenye mtumbwi, narudi nyumbani.

Emerance, lazima nivunje agano letu. Nilikuja.

Mwaka 2003, mwezi wa tano, njia ilipofunguka nusu kama nilivyosema, nilivuka Alunguli nikafuata njia yenu kwa miguu. Vijiji vyote vilikuwa vitupu, hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nilifika Mutendele. Nguzo za shule zilikuwa mkaa, nyasi zilinifika kifuani, na pale palipokuwa mlango wa baba yako palikuwa na mti mchanga. Niliita jina lako. Niliita na la baba yako, na la chifu. Nikakaa pale mpaka chakula changu kikaisha, kwa sababu uliniandikia nisikutafute pengine. Kisha wakatokea askari wawili, wakanigeuza kwa mitutu, wakaniambia mbele hapapitiki.

Nilijua mmekufa wote. Nilikaa matanga yako hapa Alunguli, ndugu zangu walikuja wakalala chini pamoja nami. Miaka ikapita nikaoa Jeanine, na muda mrefu baada ya hapo nikasikia kuna Emerance wa Mutendele, mke wa mwalimu, anaishi Kampene. Nilifurahi uko hai. Na nilikasirika. Nikajiambia kumbe hakuningoja. Ndiyo maana mwaka jana nilikubali haraka tusiyaguse ya zamani, niliogopa jibu.

Ulikuwa wapi siku zile nilipokuwa nimekaa kwenye nyasi? Sijui nataka unijibu nini. Nijibu tu.

Onema


Kampene, tarehe 24 Julai 2024

Onema,

Nilikuwa Mutendele.

Mwezi wa tano mwaka ule tulikuwa tumeshajenga nyumba za kwanza. Mimi nilikuwa nafundisha watoto chini ya turubai, na nilikaa nikiielekea njia ya Kindu. Kila aliyetokea huko nilimtazama miguu, maana wewe unatembea ukitupa wa kushoto nje kidogo. Niliwauliza waliopita kama wamekutana nawe. Nilikungoja mpaka baba akaanza kuona haya kwa ajili yangu, na wanawake wakanitungia wimbo kisimani. Miaka miwili baadaye nikaolewa na mwalimu mwenzangu, aliyefiwa na mke na kuachiwa Séraphin akiwa mdogo. Alikuwa mtu mwema na nilimpenda, sitakudanganya.

Lakini nilikuhesabu kuwa mwongo. Miaka yote hii, nikipika, nikipalilia, likinijia jina lako nilisema moyoni: yule aliniambia atakuja. Hata mwaka jana nilipokutumia salamu, nilitaka tu uone kwamba niliishi bila wewe. Sasa unaniambia ulikaa kwenye nyasi ukiniita, na mimi nilikuwa mbele yako mwendo wa asubuhi moja. Nimelia mpaka Hélène akaja kuuliza nani amekufa. Chifu alituhamisha kwa wema, wewe ulikuja kama ulivyosema, mimi nilingoja kama nilivyosema. Hakuna aliyekosa. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningelala vizuri zaidi.

Gari la masista litapita, nami sitapanda. Nimeshamwambia sista mkuu.

Njoo Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, ukungu ukishaondoka. Uwanja wa zamani vijana wamefyeka, Wilfried amewasimamia. Naiogopa ndege yako, na usiniandikie nisiogope. Naogopa zaidi utakavyoniona. Nachechemea, nimepungukiwa na meno mawili upande mmoja, na nikisoma naweka karatasi mbali kama ina moto. Njoo hivyo hivyo. Nitakuwa kwenye kiti kando ya uwanja, wala sitahama hapo kwa lolote.

Emerance


Alunguli, Kindu, tarehe 11 Agosti 2024

Séraphin mwanangu,

Najua masista wamekuambia kwamba kiti changu kilikwenda tupu mpaka Kasongo, na najua umekasirika. Una haki. Mwambie mkeo mapazia yake ni mazuri, nitakuja kuyaona nikiwa mgeni.

Ukitazama juu ya barua hii utaona nimeandikia wapi. Sikufika huku kwa barabara. Unauliza huyu Papa Falone ni nani mpaka mama yako apande kitu alichokiunda uani kwake. Ni mtu niliyechumbiwa naye kabla ya baba yako, wakati wa vita. Baba yako alilijua jina lake, sikumficha. Jambo ambalo sote hatukulijua ni kwamba mtu huyo alikuja kunichukua, akafika mahali nilipomwambia, akakuta tumehama. Nimelijua mwezi uliopita tu. Nikikuona nitakueleza vizuri, kwa karatasi linaonekana dogo.

Safari ilikuwa ya makelele. Nilifumba macho tangu tulipoondoka Kampene, nimeshika rozari, mpaka yeye aliponigusa bega akasema: “Emerance, fungua macho, tuko tunapita kwenu.” Nikaona bati la shule, na watoto wanakimbia wakitupungia. Nikaanza kusali tena. Nilikuwa nimemaliza makumi mawili tu ya rozari, Salamu Maria ishirini, hata kumi la tatu sijalianza, akainamisha bawa kidogo upande wangu akanionyesha chini. Sikuona kitu. Ni miti tu, imefunga kabisa. Akasema ni hapo, pale alipokaa.

Makumi mawili, Séraphin. Hata sauti ilikuwa haijanikauka.

Nikamshika mkono. Nilimshika juu ya msitu wote ule, na mto ulipoonekana, na mapaa ya Alunguli, mpaka akanisogelea sikioni akaniomba nimwachie kidogo, kwa sababu anahitaji mikono yote miwili ili atue.

Mama yako,
Emerance